Wapigaji wa Muheme na Sauti ya Chini ya Ugogo

Katika nchi ya Ugogo ngoma ni ya wanawake. Maneno haya yaweza kumshangaza msomaji wa pwani, aliyezoea kuiona ngoma mikononi mwa wanaume na wanawake wakicheza mbele yake. Lakini ndivyo ilivyo desturi ya Wagogo kutoka Kongwa na Chamwino mpaka Bahi na Manyoni. Zeze na ilimba aghalabu ni vya mwanamume, na njuga hufungwa miguuni mwa wengi, ila muheme ni wa mama. Ngoma hiyo ni gogo lililochongwa na kutobolewa, lenye kichwa kipana kilichowambwa ngozi, kiuno chembamba, na tako lililo wazi. Mwanamke huibana katikati ya mapaja yake, akaiinamisha mbele, akaipiga kwa viganja viwili. Haina kamba shingoni wala kigoda chini yake. Inashikwa na nguvu za miguu ya mwenyewe tu.

Yafaa ikumbukwe, kabla ya kwenda mbele, kwamba Wagogo si watu wa ngoma nyingi. Sehemu kubwa ya muziki wao ni sauti za watu: msunyunho, mathalan, ambao huimbwa kwa sauti zilizopangwa juu na chini kwa ufundi ambao wageni wameusifu mara nyingi, hauhitaji ngoma ili usimame. Hivyo ngoma ya muheme si kitu cha kila siku kinachosikika nyuma ya kila wimbo, kama zumari au ngoma za arusi za mwambao. Inapolia, inalia kwa sababu, na anayeiliza ni mwanamke. Katika jambo hili Ugogo ni nchi ya peke yake, au karibu na kuwa peke yake, miongoni mwa majirani zake.

Sifa ya kwanza ya upigaji huo ni kwamba mpigaji na mchezaji ni mtu mmoja. Mpiga ngoma wa pwani hukaa kitako juu ya ngoma yake au huisimamisha mbele yake, na kazi yote ni ya mikono. Mpiga muheme hana raha hiyo. Akipiga hatua, ngoma inapiga hatua. Akiruka, ngoma inaruka naye, na wako wanaoruka na kuinua ngoma hewani bila ya kuupoteza mkono. Kwa sababu hiyo mlio haukai mahali pamoja. Tako la ngoma likiwa karibu na udongo, sauti huwa fupi na iliyozibwa. Likiinuliwa, sauti hufunguka na kuvuma. Mtu aliyefumba macho aweza kusikia nyonga za mpigaji zinavyokwenda. Hapana ala nyingi duniani ambazo mwili wa mwanadamu umeingia ndani yake kwa kiasi hiki, na ni jambo la ajabu kwamba waliouandikia muziki wa Kigogo wamelipita upesi namna hii.

Pigo lenyewe si gumu kulieleza kwa hesabu. Mapigo sita hugawanywa mawili mawili na matatu matatu kwa wakati mmoja, na sikio hubaki kati ya migawanyo hiyo miwili lisijue liegemee wapi. Ugumu umo katika kulitenda. Wenye ngoma ndogo hushika fungu lao wasiliache, hata kama ngoma itachukua robo saa au usiku kucha, na ngoma kubwa huwa juu ya fungu hilo kama mtu anayezungumza na watu wanaotembea. Haisemi sana. Hutupa maneno mawili matatu ya sauti nzito, ikanyamaza. Hurudi ikiwa imechelewa kidogo tu, kiasi cha kuwafanya wachezaji waingojee kwa mabega. Kisha huanguka palepale palipotakiwa, na mstari mzima wa wanawake huinuka. Uzuri wa muheme umo katika kuchelewa huku. Mpigaji asiye hodari hujaza kila nafasi kwa kishindo, akadhani kwamba nguvu ndiyo ngoma. Mpigaji hodari huacha nafasi wazi, na wachezaji huijaza wenyewe kwa nyayo zao na njuga zao, wasijue kwamba wameongozwa.

Waswahili husema kwamba ngoma ivumayo haidumu. Aliyesema hivyo hapana shaka hakulala Ugogo wakati wa muheme, kwa kuwa huko ngoma huvuma na kudumu pamoja, na usingizi wa mgeni ndio usiodumu.

Sauti hii nzito ndiyo inayostahili jina la besi katika muziki wa Uwanda wa Kati. Ilimba ina sauti zake za chini, nazo ni tamu, lakini hutoka polepole na kufifia. Zeze huning'iniza sauti zake hewani kama kitambaa. Muheme ndio unaoweka sakafu. Mtu akiondoa ngoma kubwa katika mchezo huo, nyimbo zitabaki, makofi yatabaki, hata hatua zitabaki. Lakini hatua hizo zitakuwa za watu wanaotembea. Jambo hili liko wazi kwa kila mchezaji, wala halihitaji mwalimu kulisema. Lililo gumu kueleza ni kwa nini haliko wazi katika maandishi.

Muziki wa Wagogo haukukosa wanafunzi. Mathias Mnyampala, mshairi aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917, alitoa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954, na kitabu hicho ni miongoni mwa hazina za awali za Kiswahili cha bara. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akiwa na mitambo yake ya kunasa sauti. Gerhard Kubik alifika Ugogo mwaka 1962, naye amefafanua vizuri jinsi ngazi ya sauti za Kigogo inavyotokana na sauti za asili zinazozaliwa ndani ya mlio mmoja. J. H. Kwabena Nketia wa Ghana aliandika mwaka 1967 juu ya mpango wa sauti nyingi katika uimbaji wao. Polo Vallejo wa Hispania amekuwa akirudi katika kijiji cha Nzali kwa miaka mingi, na kitabu chake juu ya muziki wa watoto wa Kigogo, kilichotoka mwaka 2004, kinastahili kusomwa na kila mwalimu wa shule mkoani Dodoma.

Kazi hizo ni njema. Lakini ukizitazama kwa pamoja, utaona kwamba kilichowavuta wataalamu ni koo na ngazi za sauti: ipi iko juu ya ipi, na kwa umbali gani. Hilo si kosa, kwa maana uimbaji wa Wagogo ni ajabu ya kweli. Walakini matokeo yake ni kwamba muheme umeachiwa nafasi ya mambo ya mila, mahali pa kuelezwa unapigwa lini na kwa ajili ya nini, na si nafasi ya sanaa, mahali pa kuulizwa unapigwa vizuri na nani. Mpiga zeze hutajwa kwa jina. Mpiga ilimba hutajwa kwa jina. Juu ya ngoma huandikwa "wanawake wa kijiji". Kwa kawaida mhakiki haulizi mpigaji huyu anamzidi yule kwa lipi, ingawa katika kijiji chochote watoto wa miaka kumi wanaweza kulijibu swali hilo bila ya kufikiri.

Hali hii si ya Ugogo peke yake, na mfano wa mbali utasaidia kuieleza. Huko Marekani yuko mwanamke aitwaye Carol Kaye, aliyezaliwa Everett, katika jimbo la Washington, mwaka 1935. Alianza kama mpiga gitaa wa jazi, kisha akawa mpigaji wa kukodiwa katika studio za Los Angeles, yaani mtu anayeitwa kwa saa chache, akapiga alichowekewa mbele yake au alichobuni papo hapo, akalipwa ujira wake akaenda zake. Mwaka 1963 mpiga besi mmoja hakufika kazini, Kaye akapewa gitaa la besi badala yake, na tangu siku ile hakuliacha. Mwenyewe amekadiria kwamba alishiriki katika santuri zipatazo elfu kumi. Besi yake imo katika santuri ya Pet Sounds ya Beach Boys ya mwaka 1966, na imo katika muziki wa michezo ya televisheni na sinema ambao umesikika hata katika kumbi za Dar es Salaam na Nairobi. Watu waliicheza besi ile miaka mingi pasipo kujua kwamba vidole vile ni vya mwanamke, kwa sababu majalada ya wakati ule hayakuwa na desturi ya kuwataja wapigaji wa kukodiwa. Mwaka 2025 aliteuliwa kuingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki, akakataa heshima hiyo, na jina la utani ambalo watu wa baadaye waliwabandika wapigaji wale ni moja ya mambo aliyosema hayampendezi.

Tofauti kati ya Carol Kaye na mpiga muheme wa Chamwino ni kubwa. Yule aliingia katika kazi iliyokuwa ya wanaume. Huyu alirithi kazi iliyokuwa ya mama yake. Yule alisoma noti. Huyu alisoma kwa macho na mapaja. Lakini sanaa yao ni ya ukoo mmoja, na dhuluma waliyotendewa ni moja. Wote wawili wanajua kwamba sauti ya chini huongoza kwa kuacha nafasi. Wote wawili wamefanya watu wacheze, na hao waliocheza wakamsifu mwimbaji. Besi ina bahati mbaya hiyo popote ilipo: ikikosekana kila mtu hulalamika, ikiwapo hapana anayeisikia. Na mpigaji akiwa mwanamke, kutosikika huko huongezeka maradufu.

Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, ameeleza ibada ambazo wanawake huvaa mavazi ya wanaume, hushika silaha zao na kuchunga ng'ombe ili kuondoa balaa lililoingia nchini. Katika ibada hiyo mwanamke huazima vitu vya mwanamume kwa siku chache, kisha huvirudisha. Muheme hauna maana hiyo. Anaposhika ngoma mwanamke wa Kigogo haazimi kitu. Ameshika chake, na mwanamume anayetaka kuipiga ndiye anayepaswa kueleza sababu.

Hapa ndipo panapofika neno zito, ambalo mwenye kuusifu muheme hana budi kulikabili. Mahali pa asili pa ngoma hii ni jando na unyago, na zaidi unyago wa wasichana. Na katika Ugogo unyago huo uliambatana na ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba mkoani Dodoma wanawake wapatao asilimia 47, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Nyuma ya ngoma hii, basi, mna vilio ambavyo ngoma yenyewe ilivifunika. Msifu yeyote anayelificha jambo hili anaisifu ngoma ya kubuni.

Wako wanaosema kwamba, kwa sababu hiyo, muheme na uachwe ufe pamoja na kisu. Hoja yao ina uzito wa huruma, lakini inamwadhibu asiyestahili. Ngoma haikukata mtu. Zaidi ya hayo, unyago haukuwa kisu peke yake: ulikuwa pia shule ambamo mwanamke mzima alimfundisha msichana kusimama, kuimba, kushika pigo lake wakati wengine wanashika mapigo mengine, na kutoyumbishwa. Fundisho hilo la mwisho limo ndani ya muheme wenyewe, na laweza kutolewa bila ya damu. Wako wanawake wengi Ugogo leo wapigao muheme katika arusi, katika sikukuu za kanisa, katika mikutano na mapokezi ya wageni, na mikono yao haijapungua ufundi. Swali ambalo mhakiki ana haki ya kuliuliza ni jingine: ngoma iliyotoka nyuma ya nyumba ikaja jukwaani imepata nini na imepoteza nini?

Safari hiyo ilianza zamani. Baada ya mwaka 1962, serikali ya Jamhuri ya Tanganyika ilipounda wizara ya utamaduni, ngoma za makabila zilianza kukusanywa na kuonyeshwa kama mali ya taifa zima. Na Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981, kiliwafundisha muheme vijana wasio Wagogo, wavulana na wasichana pamoja. Faida yake si ndogo. Muheme ulijulikana mpaka ng'ambo, na mtoto wa Lindi au wa Tanga aliweza kujivunia ngoma ya Dodoma kama yake. Hasara yake ni ya namna mbili. Kwanza, jukwaa lina dakika kumi, na katika dakika kumi ule uchelewaji uliotajwa juu hauna nafasi ya kukomaa. Mpigaji hulazimika kuanza pale ambapo nyuma ya nyumba angefika usiku wa manane, naye hufikia haraka kwenye kuruka, kwa kuwa kuruka ndiko kunakopigiwa makofi. Pili, katika vikundi vingi vya mjini ngoma kubwa imepitia mikononi mwa wanaume, na wanawake wamesogezwa mbele kucheza na kuitikia. Jambo hili limetendeka kimyakimya, pasipo mtu kuamua, kama vile maji yanavyofuata mtelemko. Mwanamume kuupiga muheme si dhambi, na wako wanaoupiga kwa ustadi. Lakini mtazamaji wa Dar es Salaam anayeuona mchezo huo kwa mara ya kwanza hurudi nyumbani akiwa na picha iliyogeuzwa kichwa chini.

Nyumba ya Zawose inaonyesha pande zote mbili za habari hii. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doima katika Ugogo, aliyefariki mwishoni mwa mwaka 2003, aliuchukua muziki wa Kigogo akaupeleka dunia nzima kwa ilimba, zeze na koo lake lisilo na mfano. Fahari yake ni fahari ya taifa. Ila katika sanaa ile, kama masikio ya wageni yalivyoipokea, mwanamume yuko mbele na ala yake, na wanawake wako nyuma. Mwaka 2024 ilitoka santuri iitwayo Maisha, ya binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, ambao huitwa The Zawose Queens, na mara hii majina yaliyo juu ya jalada ni ya wanawake. Watayarishaji wawili wa Kiingereza, Oli Barton-Wood na Tom Excell, wameweka mkono wao, na mkono wa mitambo ya umeme unasikika hapa na pale. Wako watakaochukizwa nao. Lakini katika santuri hii mwanamke wa Kigogo ndiye anayesema wimbo uende wapi, na ngoma inaposikika chini yake husikika kama ardhi ya mwenyewe. Jambo hilo lilichelewa sana kufika katika santuri, ingawa nyuma ya nyumba halikuwa geni hata siku moja.

Tamasha la muziki wa Wagogo lifanywalo Chamwino nalo lina mchango wake, tena pengine mkubwa kuliko wa santuri, kwa sababu huko vijiji husikilizana vyenyewe kwa vyenyewe. Mpigaji wa kijiji kimoja akichelewa vizuri, wapigaji wa kijiji kingine hutazamana. Hapana mhakiki aliye mkali kuliko hao.

Limebaki jambo la lugha, ambalo ni haki ya jarida la namna hii kuliangalia. Kiswahili hakimbagui mwanamume na mwanamke katika vitenzi wala katika majina ya kazi: tukisema "mpiga ngoma alipiga vizuri" hapana kinachoonyesha jinsi yake. Hii ni moja ya adabu za lugha hii, na lugha za Ulaya zaweza kuionea wivu. Lakini adabu hiyo ina uvuli wake. Mahali ambapo lugha haisemi, mazoea husema; na msomaji anayekutana na "mpiga ngoma" kitabuni humvisha kanzu au shati kabla ya kumaliza sentensi. Kamusi zetu zina maneno mazuri ya ngoma za pwani: vumi kwa ile yenye sauti nzito, chapuo kwa ndogo, msondo kwa ile ndefu, na lina neno manju kwa bingwa wa kutunga na kuongoza nyimbo za ngoma. Neno "muheme" lafaa kuingia katika kamusi sanifu kwa maana zake zote mbili, mchezo na ngoma, na maelezo yake yaseme wazi kwamba mpigaji wake wa asili ni mwanamke. Maneno manne yatosha kwa kazi hiyo.

Na wale wanaokwenda Ugogo kunasa sauti wana kazi nyepesi zaidi. Vipaza sauti vyao huwekwa kwa kawaida kwenye kimo cha kinywa, kwa kuwa wanakwenda kuwasikiliza waimbaji. Muheme unalia kwenye kimo cha goti. Kimoja kikiteremshwa hapo, na jina la mwenye ngoma kubwa likaandikwa juu ya kila wimbo pamoja na jina la kijiji chake, wasikilizaji watakaokuja watakuwa na cha kulinganisha.